Kanuni Ina Kiti Chake: Safari ya Taarab kutoka Unguja hadi Köln

Jumatatu, Unguja

Kikundi chetu cha taarab kimealikwa kupiga Köln, Ujerumani. Wakala wa tiketi pale Darajani ametupigia hesabu ya besi, ile fidla kubwa inayopigwa imesimamishwa, na hesabu hiyo imeamua mambo mengi kabla hata hatujafunga mabegi. Besi yenyewe haifiki kilo 12. Kasha lake gumu ndilo zito: vyote pamoja ni kilo 42. Mashirika mengi ya ndege hayapokei kipande kinachozidi kilo 32 kama mzigo wa abiria, ukilipa usilipe, kwa sababu mzigo huo unanyanyuliwa na watu. Kwa hiyo besi inatakiwa iende kago.

Kago nako hawaangalii mizani peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, halafu wanagawa kwa 6,000. Kasha letu ni 200 kwa 75 kwa 60. Jibu ni 150. Yaani chombo cha kilo 42 kinalipiwa kama kilo 150, kwa kuwa kinachouzwa ni nafasi. Kwa dola 4 na nusu kila kilo, kwenda peke yake ni dola 675, na kurudi ni kiasi hicho hicho. Fedha hizo zinazidi malipo ya wapigaji wawili kwa safari nzima.

Mimi ndiye mpiga besi, tena ndiye katibu wa kikundi. Nimeandika kwenye daftari: besi inabaki. Zipo besi zenye shingo inayofunguka, zilizobuniwa kwa ajili ya wasafiri, zinaingia kwenye kasha dogo zaidi. Bei yake hatuiwezi mwaka huu.

Njia yetu ni Unguja hadi Muscat, Omani, ambako ndugu zetu wenye asili ya huku wametualika kwa usiku mmoja, halafu Frankfurt, halafu kwa gari hadi Köln. Köln besi ya kukodi ipo. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kimelazwa, Köln hakuna aliyetupatia ya kukodi. Muscat mambo ni kinyume: kanuni na udi, chombo cha nyuzi chenye tumbo la duara, unaweza kuazima kwa watu, lakini besi tumeulizia kila mahali tukakosa.

Jumanne, Unguja

Leo tumepima kila chombo. Kikomo cha kawaida cha begi linalokwenda chini ni kilo 23, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Begi la ndani ya ndege mara nyingi ni kilo 7. Vyombo vya taarab vinagongana na sheria hizi, kila kimoja kwa upande wake. Kanuni na kasha lake hata kilo 10 haifiki, lakini ukijumlisha vipimo unapata 173. Kodiani, kinanda cha kukunja na kukunjua, inaingia vizuri kwa vipimo, ila ina kilo 12, kwa hiyo ndani hawaitaki. Udi ni mwepesi kama mtoto mchanga na kasha lake limepita 158 kidogo tu. Fidla peke yake ndizo zinazopita bila maneno. Dumbak moja, ngoma ya mkono, ni ya udongo. Tumeamua ibaki, tuchukue ya chuma, tuifunge ndani ya begi la nguo katikati ya kanzu.

Tumebishana hasa juu ya kanuni. Maalim, mpigaji wetu, ana umri wa baba yangu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Mwanangu, hii haiendi chini. Ikienda chini, na mimi siendi.” Si ukaidi. Kanuni ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba limesimama juu ya vipande vya ngozi ya samaki. Mkandamizo wote wa nyuzi unaishia kwenye ngozi ile. Kasha likidondoka ngozi inapasuka, na Unguja nzima mtu wa kuibadilisha haraka hayupo.

Kwa hiyo kanuni imenunuliwa kiti. Dola 780, kwenda na kurudi. Tiketi imetoka na jina la Maalim na mbele yake herufi CBBG, alama inayotumiwa na mashirika ya ndege kwa mzigo uliolipiwa kiti.

Nimewaza habari ambayo wazee wetu wameisimulia siku zote, kwamba Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, akarudi nayo hapa kisiwani. Halafu 1905 kikaanzishwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, na vyombo vikaagizwa kutoka huko huko Misri. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, walikwenda kwa meli. Muziki huu umefika hapa kwa bahari na umesafiri kwa bahari. Uwanja wa ndege ndio uliokuja na utaratibu wa kumwambia mpigaji achague chombo gani kiende na kipi kibaki.

Jumatano, Unguja

Siku ya karatasi. Nimeandika orodha ya kila chombo: aina, rangi, alama yoyote ya kukitambua, mwaka kilipopatikana, thamani. Kila kimoja kimepigwa picha mbele, nyuma, na ndani pale inapowezekana. Nakala tano, zote na muhuri wa kikundi.

Kisha tukakagua vyombo vimetengenezwa kwa nini. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, unagusa wanamuziki kuliko wengi wanavyodhani. Mwanzoni mwa 2017 karibu miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wetu, iliwekwa chini ya udhibiti, na wenye magitaa na klarineti duniani wakahangaika na vibali hadi vyombo vilivyokwisha kutengenezwa vilipoondolewa sharti hilo Novemba 2019. Kwa hiyo udi wenye mbao za namna hiyo leo hauna shida. Shida ni pembe za ndovu na gamba la ng'amba, aina ya kasa. Maalim ana risha za zamani, vipande vya kuchapia nyuzi, za gamba la ng'amba, alizorithi. Ng'amba analindwa kwa daraja la juu kabisa la mkataba ule, na risha ndogo isiyozidi kidole inaweza kumfanya mzee akae forodhani siku nzima. Zimebaki kwenye kabati lake. Amechukua za pembe ya nyati. Udi wa pili wa kikundi una nakshi za pembe ya ndovu, nao umebaki.

Bima nimezunguka mjini nikarudi mikono mitupu. Kampuni mbili zimeniambia wanakatia gari, nyumba na safari ya mtu. Tumebaki na Mkataba wa Montreal, unaoweka kikomo cha fidia ya mzigo wa abiria. Kikomo hicho kilipandishwa mwisho wa Desemba 2024 hadi vizio 1,519 vya fedha vya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo ni kama dola 2,000. Ni kwa abiria, mabegi yake yote pamoja. Mwenye chombo cha thamani zaidi anaweza kutangaza thamani yake kaunta na kulipia ziada kabla ya ndege kuondoka. Hilo limeandikwa ndani ya mkataba wenyewe.

Alhamisi, Unguja hadi Muscat

Tumefika uwanja wa Abeid Amani Karume saa nne kabla ya ndege. Nawasihi wenzetu wafanye hivyo hivyo, kwa sababu ile saa ya ziada ililiwa yote na kanuni. Mashine ya kaunta iligoma kutoa pasi ya kiti chake. Kijana wa kaunta alikuwa muungwana. Alimwita mkubwa wake, mkubwa akapiga simu, kisha wakaandika kwa mkono. Wakati huo foleni nyuma yetu imefika mlangoni, na Bi Mkubwa, mwimbaji wetu, anawatuliza watu mmoja mmoja.

Kodiani ililipiwa dola 60 kama begi la ziada. Mpigaji wake aliomba jambo moja tu, isiachwe juani kwenye lami. Vile vibamba vyake vidogo vya chuma vinavyotoa sauti vimegandishwa kwa nta, na nta ikilainika sauti zinakwenda upogo. Waliahidi. Udi ulilipiwa dola 75 kwa sababu ya zile sentimita chache. Umo ndani ya kasha la mbao alilotutengenezea seremala wa Mwembeladu, lenye sponji pande zote.

Ndani ya ndege, kanuni ilipewa kiti cha dirishani. Ndivyo utaratibu ulivyo: chombo hakikai pembeni mwa njia wala safu ya mlango wa dharura, ili kisimzuie mtu kutoka. Ilisimamishwa kwa upande wake mfupi, ikafungwa mkanda mmoja na kuongezewa mwingine. Maalim alikaa kando yake, mkono juu ya kasha, akalala tu baada ya pwani ya Somalia.

Muscat tulisubiri udi kwenye dirisha la mizigo mikubwa. Kasha lilitoka bila mchubuko. Nikasema tulifungue hapo hapo, na namshukuru Mungu tulifungua. Kichwa cha udi, kile kinachobeba vigingi, kilikuwa kimeachana na shingo.

Hapa kuna jambo la kushika. Mzigo ulioharibika unaripotiwa kabla ya kutoka uwanjani, unapewa hati yenye namba, na malalamiko ya maandishi yanatakiwa yafike ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, haki imepotea. Tulipiga picha, tukajaza, tukapewa namba. Mpiga udi hakusema neno lolote. Alikusanya vigingi kimoja kimoja, akavifunga kwenye leso.

Ijumaa, Muscat

Wenyeji wetu walikuwa wamekwisha kumpata fundi kabla hatujaamka. Baada ya sala ya Ijumaa tulimpelekea udi. Akauangalia akatuambia kwamba maungio yale ndiyo sehemu dhaifu ya kila udi, na kwamba kasha letu halina kosa kwa nje. Kosa ni kwa ndani: kichwa kilikuwa kinagusa ukuta wa kasha, kwa hiyo kishindo cha kudondoka kilikwenda moja kwa moja kwenye gundi. Udi unatakiwa ukae kwa tumbo lake na kuinuliwa shingoni kwa kitambaa kigumu, kichwa kikae hewani, hakigusi kitu. Nyuzi nazo zilegezwe, zisivutwe wala zisiachwe wazi kabisa. Akaubandika kwa gundi ya ngozi, akaubana kwa vibano, akasema usiguswe hadi kesho jioni. Rial 25. Akatuazima na kasha lake mwenyewe, tutalirudisha kwa mkono wa mtu yeyote anayekuja.

Onyesho ni kesho usiku. Udi wa kuazima ulishapatikana kwa jirani. Besi ndiyo hakuna.

Bibi mmoja wa nyumba ile, aliyezaliwa Malindi ya Unguja na kuondoka mjini akiwa msichana, akanitazama nilivyokaa akaniuliza, “Kwani nyinyi hamjui sanduku?”

Nilikuwa sikulifikiria hata kidogo. Kidumbak chetu, muziki wa kucheza wa Unguja, hakijapata kuhitaji besi ya dukani: sanduku la chai lililopinduliwa, mti, na uzi mmoja, unakaza na kulegeza kwa mti, unapiga kwa mkono mwingine. Vijana wa nyumba wakaniletea sanduku la mbao kutoka bohari, fimbo ya ufagio, na mshipi wa kuvulia. Tukatoboa, tukafunga, tukajaribu sanduku tatu hadi moja likatoa sauti ya chini, nzito, yenye kuvuma. Nilikaa nalo uani hadi usiku.

Jumamosi, Muscat

Nusu ya kwanza tulipiga taarab bila besi. Ilisikika nyepesi, sitaki kusema vinginevyo. Kodiani ilijitahidi kwa mkono wa kushoto lakini kazi ile si yake. Nusu ya pili tukageuza, tukapiga kidumbak: vidumbak viwili vya kuazima, zile ngoma ndogo, mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa, fidla na sanduku. Wamama wakainuka wote. Kuna waliokuwa wanalia na kucheza kwa wakati mmoja, na wengine waliimba beti ambazo hata Bi Mkubwa alikuwa amezisahau.

Sanduku nimeliacha pale. Uzi nimeukunja mfukoni.

Jumapili, Muscat hadi Frankfurt

Kaunta ya Muscat haikuikubali kanuni moja kwa moja. Ofisa aliisoma tiketi, akasema kiti hiki ni cha mtu, mtu yuko wapi? Nikamwonyesha zile herufi, na barua pepe ya wakala yenye vipimo vilivyoidhinishwa. Barua pepe ile ndiyo iliyotuvusha, kwa hiyo ichapishwe, isitegemewe simu. Wenzetu wanaosafiri Marekani wana sheria ya kushika mkononi: iliyopitishwa 2012 na kuwekewa taratibu zilizoanza kutumika Machi 2015, inayotaka chombo kidogo kikubaliwe ndani kama nafasi ipo wakati wa kupanda, na chombo kikubwa kiruhusiwe kununuliwa kiti kikitimiza masharti ya vipimo na usalama. Sisi tulikuwa na barua ya wakala na adabu ya Maalim.

Udi na kodiani vimelipiwa tena, 75 na 60.

Frankfurt niliiogopa kuliko mahali popote, na sababu ipo. Agosti 2012 forodha ya uwanja ule ilizuia fidla iliyoundwa na Guarneri, fundi mashuhuri wa Italia, mwaka 1741, mali ya mpiga fidla Mjapani Yuzuko Horigome, wakamtaka alipe yuro 190,000. Alirudishiwa baadaye bila kulipa, lakini ilichukua wiki kadhaa. Fidla zetu haziwezi kulinganishwa na ile kwa thamani. Ila mtu aliyeshikwa kule alikuwa na jina kubwa duniani. Sisi ni wapigaji kutoka Vuga.

Sheria ya forodha ya Umoja wa Ulaya inaruhusu msafiri kuingia kwa muda na chombo cha muziki cha kubebeka, kifaa chake cha kazi, bila kujaza tamko la maandishi, maadamu atatoka nacho. Tungeweza kupita mlango wa kijani. Nikachagua mwekundu, niseme mwenyewe kabla sijaulizwa. Ofisa, dada mtu mzima, aliisoma orodha yetu yote, akalinganisha picha na kanuni, akauliza kama kuna pembe au gamba la kobe. Maalim akamwonyesha risha za nyati. Akatugongea muhuri kwenye nakala moja, akatuambia tuionyeshe tukiondoka. Dakika kumi na tano. Zile nakala tano za Jumatano zilifanya kazi yake.

Jumatatu, Köln

Barabarani kilomita kama 190, mvua nyembamba. Hakuna la kuandika.

Jioni: besi ya kukodi, yuro 140 kwa siku zote, na dhamana juu yake. Chombo kizuri kuliko changu. Lakini urefu wa uzi ni tofauti kidogo, na besi haina vipande vya kuonyesha sauti ilipo. Vidole vinajua mahali kwa mazoea ya miaka. Kwenye rast na bayati, ngazi za sauti za Kiarabu, zile sauti zilizo katikati, mkono wangu ulikuwa unafika kabla au baada. Nimefanya mazoezi hadi wenye nyumba wakazima taa za ngazi.

Jumanne, Köln

Kanuni imebadilika. Unguja mwezi huu hewa imejaa maji. Ukumbi huu una moto wa kupashia na hewa kavu. Ngozi ya samaki imekaza, daraja limepanda, nyuzi zote zimepanda sauti nalo. Maalim alianza kuzipanga saa nne asubuhi, akamaliza saa saba, akaanza tena saa kumi. Tumeweka sponji lenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, likalala na kanuni ndani ya kasha usiku kucha.

Jumatano, Köln

Tumepiga. Ukumbi ulijaa. Udi ulishika sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Gundi ya Muscat haikulegea. Mwandalizi alikuja nyuma ya jukwaa akatupongeza, na aliipongeza zaidi kanuni. Nikamwambia kwa heshima kwamba kanuni ile imefika hapa kwa dola 780 zilizokatwa kwenye malipo yetu, kwa kuwa mkataba wake ulitaja tiketi za watu, viza, chakula na hoteli, vyombo haukuvitaja kabisa. Alishangaa kwa kweli, si kwa kujifanya. Aliniambia makundi ya Ulaya huandika jambo hilo wenyewe na yeye hulipa, sisi hatukuliandika akadhani hatulihitaji. Ameahidi kulipa nusu. Nimemwomba aiandike, ameiandika.

Ijumaa, Unguja

Frankfurt walitugongea muhuri wa kutoka bila maneno. Udi, ukiwa ndani ya kasha la Muscat na shingo yake imeinuliwa kwa kitambaa, umefika mzima.

Nimefunga hesabu leo asubuhi. Kiti cha kanuni 780. Udi 225 kwa mara tatu. Kodiani 180. Rial 25 za fundi ni kama dola 65. Besi ya kukodi yuro 140. Ukijumlisha, imepita dola 1,400, zaidi ya shilingi milioni 3, na besi yangu mwenyewe haikutoka hata mlangoni. Dai la udi limetumwa kwa shirika siku ya nne, ndani ya muda, jibu bado.

Mchana tumekaa kikao. Kuna mwaliko mwingine wa mwaka ujao, Ulaya tena. Nimeandika jibu na wote wametia saini: kiti cha kanuni kilipwe na mwalikaji tangu tiketi inakatwa, vyombo vilivyozidi vipimo vilipwe naye, kwenda na kurudi, besi ipatikane huko, tuletewe urefu wa uzi wake mapema ili nikate alama kwenye ubao wa mazoezi, ukumbi uwe na chumba kisichopashwa moto kwa ajili ya kanuni. Maalim ameongeza sharti lake mwenyewe, siku moja kamili ya kupumzika kati ya ndege na jukwaa, ngozi iizoee hewa. Tumewapa hadi mwisho wa mwezi. Mkataba ukija bila mambo haya, hatukati tiketi.